Ardhi Inayoshuka kwa Mabinti

Karatasi yenyewe ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata mikunjo yake ikaanza kutoboka, na mzee aliyeitoa katika mfuko wa nailoni aliitandaza polepole juu ya mkeka, akaisawazisha kwa kiganja. Juu kabisa palikuwa na jina moja la mwanamke. Chini yake yakafuata majina ya mabinti zake watatu, kisha ya wajukuu, vitukuu na vilembwe, mistari ikizidi kutanuka hadi ukingoni. Wana wa kiume walikuwemo pia, kila mmoja mahali pake chini ya mama yake, lakini chini ya jina la mwanamume hapakuwa na mstari hata mmoja. Nilipouliza watoto wa wanaume hao wako wapi, mzee alinijibu kwa upole kwamba wako katika karatasi za mama zao.

Karatasi hiyo huitwa ranji, na kwa Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, nchini Indonesia, ndiyo inayotazamwa panapozuka swali la nani ana haki ya kulima jaruba lipi. Mzee aliyenionyesha ni mamak wa rafiki yangu. Sikio la Mswahili huweza kupotoka hapa, kwa sababu mamak si mama bali ni mjomba, kaka wa mama, na ndiye msimamizi wa mali ya ukoo. Huitetea barazani na huamua zamu za kuilima, lakini si yake wala haitakuwa ya watoto wake. Ni ya dada zake na ya mabinti wa dada zake. Nilikaa kijijini kwao siku kumi na moja, na tangu niliporudi Nairobi karatasi ile haijanitoka machoni.

Rafiki yangu tulisoma naye Kuala Lumpur, tukapanga chumba kimoja kwa miaka miwili, na tangu siku hizo nimemwita Uni, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao. Kimalei nilichojifunza wakati huo ndicho kilichonibeba, kwa maana Kiindonesia ni ndugu yake wa karibu. Safari ya angani sina haja ya kuieleza sana: Nairobi hadi Doha, Doha hadi Kuala Lumpur, kisha ndege ndogo ya saa moja na kitu hadi Padang, nikiwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano mkononi, kwa sababu mtu atokaye Kenya hataruhusiwa kupita bila hicho. Padang iko saa nne mbele ya Nairobi. Paa la uwanja wa ndege limechongwa ncha zilizopinda kwenda juu mfano wa pembe za nyati, kama mapaa ya nyumba kubwa za kale za Waminangkabau, na mimi nililiona hilo kuwa ndilo salamu ya kwanza.

Barabara ndiyo yenye mambo. Kutoka Padang hadi Bukittinggi ni kilomita tisini hivi, lakini mtu huzitembea kwa saa tatu, kwa sababu njia hupanda katika bonde jembamba la Anai, ambamo maporomoko ya maji humwagika kando kabisa ya lami hata dereva hulazimika kuwasha waipa jua likiwa linawaka. Mnamo Mei 2024 mvua kubwa ilisomba matope na majabali kutoka Mlima Marapi, volkano iliyokuwa imelipuka Desemba ya mwaka uliotangulia, na mafuriko hayo, ambayo wenyeji huyaita galodo, yaliua watu zaidi ya sitini na kuikata barabara hiyo. Makovu yake bado yanaonekana. Dereva wetu alipunguza mwendo mahali pamoja, akanyamaza, na abiria wote wakanyamaza pamoja naye. Baada ya Bukittinggi ni Payakumbuh, na baada ya Payakumbuh ni gari dogo lililojaa magunia, kisha ojek, ambayo ni bodaboda kwa kila hali isipokuwa jina. Kilomita za mwisho nilizipita nimeshikilia mkoba tumboni, huku njia ikipungua kutoka lami hadi kokoto, na kutoka kokoto hadi udongo mwekundu ambao ungeweza kuwa wa Kirinyaga.

Nasema Kirinyaga kwa sababu ndiko nilikozaliwa, na kwa sababu Ikweta inapita huku na kule. Kwetu inapita karibu na Nanyuki. Kwao inapita Bonjol, mji wa Tuanku Imam Bonjol, kiongozi aliyepigana na Waholanzi hadi 1837. Mvua, ukungu wa asubuhi, migomba, mibuni kwenye mteremko na mpunga bondeni vilinifanya mara kadhaa nisahau kwamba nimevuka bahari.

Kijiji kiko kati ya milima miwili. Bondeni kuna majaruba ya mpunga, na juu ya mteremko kuna mashamba ya gambir, kichaka ambacho majani yake huchemshwa, hukamuliwa kwa jeki nzito, na maji yake huachwa yatuame usiku kucha hadi yawe tope zito la kufinyangwa vipande vidogo na kuanikwa. Wasomaji wa pwani watalifahamu zao hili kwa upande mwingine, kwa kuwa gambir ni ndugu wa katu ile ambayo wazee hutia katika tambuu pamoja na popoo na chokaa. Wanaume hupanda mlimani Jumatatu, hulala kwenye vibanda vya kukamulia, na hurudi mwisho wa juma mikono ikiwa ya kahawia hadi viwikoni.

Siku ya tatu niliingia jarubani pamoja na mama yake Uni na mama yake mdogo. Nimekulia karibu na Mwea, kwa hiyo tope la mpunga silo geni kwangu: ule ubaridi wake wa kwanza, kisha uvuguvugu unapokanyaga chini zaidi, na namna linavyoung'ang'ania unyayo kabla ya kuuachia. Tulipandikiza miche tukienda kinyumenyume, mikono ya wazee hao wawili ikimaliza safu kabla yangu kufika nusu. Yangeyange walikuwa wakitufuata nyuma, kama wafanyavyo Mwea. Mama aliniambia kuwa jaruba hilo mwaka huu ni zamu yake, na mwaka ujao litakuwa la mdogo wake, kisha la binti wa dada yao aliyefariki. Nilimwuliza kama hakutamani liwe lake peke yake. Aliinuka, akashika kiuno, akafikiri.

“Lingekuwa langu,” alisema, “ningekwisha kuliuza mara tatu. Mara ya kwanza Uni alipokwenda chuo, mara ya pili baba yake alipougua, mara ya tatu bei ya gambir ilipoanguka.” Kisha akainama tena.

Mali ya namna hiyo huitwa harta pusaka tinggi, urithi wa juu, yaani ardhi na nyumba zilizoshuka kutoka kwa mababu kupitia kwa wanawake kwa vizazi ambavyo hakuna anayevihesabu tena. Mtu hupewa kutumia, hapewi kuwa nayo. Ile aliyoichuma mtu kwa jasho lake, kwa biashara au mshahara, ni jambo jingine, na hiyo hurithiwa kwa sheria ya Kiislamu kama kawaida, kwa kuwa Waminangkabau ni Waislamu na wanasema wazi kwamba ada yao imesimama juu ya sharia, na sharia juu ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu.

Urithi wa juu hauuzwi. Unaweza kuwekwa rehani tu, na hata rehani ina masharti manne ambayo kila mtoto wa kijiji anayajua kwa moyo: nyumba kubwa ya ukoo inapovuja, binti aliyekomaa anapokosa gharama ya kuolewa, maiti inapokuwa imelala ndani bila gharama ya maziko, na la nne, ambalo hulisema kwa fumbo, kuinua gogo lililozama, maana yake ni kusimika tena cheo cha mkuu wa ukoo kilichokaa bila mtu. Karo ya shule haimo. Gari halimo. Hata haja ikiwa mojawapo ya hizo nne, lazima ukoo mzima ukae mashaurianoni hadi ufikie muafaka, na yeyote akipinga, jambo limekwama. Rehani yenyewe huhesabiwa kwa uzito wa dhahabu, si kwa rupia, ili miaka ikipita na fedha ikishuka thamani, anayekomboa arudishe kile kile alichopokea. Sheria ya nchi ya 1960 inasema shamba lililokaa rehani miaka saba lirudishwe bila malipo. Mamak anaijua sheria hiyo vizuri, na akaniambia kwamba hapo kijijini mtu asiyelipa dhahabu ya mwenzake hawezi kumtazama usoni msikitini.

Nilipokuwa nikisikiliza mazungumzo hayo nilishangaa jinsi nilivyokuwa nikiyafuata bila kutafsiriwa. Sisi na wao tulichota kisima kimoja cha Kiarabu. Mashauriano wao huyaita musyawarah, muafaka ni mufakat, ada ni adat, mrithi ni waris, hukumu ni hukum, na umiliki kamili wa ardhi huitwa hak milik, ambao msomaji ameshauelewa kabla sijaueleza. Hata haki ya jumuiya nzima juu ya ardhi yake, hak ulayat, ina neno wilaya ndani yake.

Isidhaniwe kwamba jambo hili halikuwahi kuhojiwa na wenyewe. Sheikh Ahmad Khatib, Mminangkabau aliyekuwa imamu na mwalimu katika Msikiti Mtakatifu wa Makka mwishoni mwa karne ya 19, aliushutumu vikali urithi wa kupitia kwa wajomba, akiona kwamba unawanyima watoto haki yao. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdul Karim Amrullah, alipita njia nyingine. Alisema kuwa urithi wa juu unafanana na wakfu: hauna mwenyewe wa kufa akarithiwa, basi mafungu ya mirathi yatagawa nini? Mimi nimeishi na Waislamu Eastleigh miaka mingi na nimeona jinsi neno wakfu linavyotuliza ugomvi. Nadhani sheikh huyo aliliona jambo kwa jicho la mtu aliyelima.

Jioni moja mvua ilituzuia barazani, na mama akatuletea kinywaji cha kahawia hafifu katika vifuu vya nazi vilivyowekwa juu ya vigingi vya mwanzi. Kilikuwa na moshi kidogo, na uchungu wa mbali. Nilidhani ni chai. Uni akaniambia ni kawa daun, majani ya mbuni yaliyokaushwa motoni kisha yakachemshwa, na kwamba wazee hueleza asili yake hivi: kuanzia 1847 Waholanzi waliwalazimisha watu wa nyanda hizi kupanda kahawa na kuwauzia wao kwa bei waliyoipanga wenyewe, hadi mpango huo ulipofutwa 1908 na kodi ya fedha ikachukua nafasi yake. Buni zilikwenda ghalani, na mkulima akabaki na majani. Nilishika kifuu kile kwa mikono miwili. Kwetu mkoloni alikuja kwa mlango wa pili: kwa sehemu kubwa ya utawala wake Mwafrika wa Kenya alizuiwa kupanda mibuni yake mwenyewe, akawa kibarua katika mibuni ya mzungu, na ruhusa ya jumla haikuja hadi miaka ya 1950. Babu yangu alipanda ya kwanza akiwa na watoto wanne tayari. Niliwasimulia hayo, na mamak akauliza, “Na shamba hilo la babu yako sasa liko kwa nani?”

Sikuwa na jibu la kumpa ila la kweli, nalo ni kwamba liko kwa mtu nisiyemjua.

Babu alipewa hatimiliki wakati ardhi ya Wagikuyu ilipokuwa ikiunganishwa na kusajiliwa, katika miaka iliyofuata mpango wa kikoloni wa Swynnerton wa 1954, na kama ilivyokuwa desturi ya usajili huo, jina lililoandikwa lilikuwa la mwanamume mmoja. Jina moja kwenye karatasi likawa shamba zima. Alipofariki, wajomba zangu waligawana ekari sita, na mama yangu na dada yake wakaambiwa kwamba wao wana kwao kwingine walikoolewa. Sheria ya mirathi iliyoanza kutumika 1981 ilikuwa tayari imempa binti fungu sawa na kaka yake, lakini aliyekaa nao ofisini siku ile hakuitaja, na mama hakujua kuuliza. Ekari mbili ziliuzwa kwa ajili ya matatu iliyokufa baada ya mwaka mmoja na nusu. Zilizobaki zilifuata. Leo hakuna hata mti mmoja wa babu ulio mikononi mwetu, na mama, ambaye ndoa yake nayo ilivunjika, anaishi nami katika nyumba ya kupanga Zimmerman. Kinachoniuma ni kwamba wajomba hawakuwa watu wabaya. Kila walipouza walikuwa na shida ya kweli, kama shida tatu za mama yake Uni, isipokuwa wao hapakuwa na mtu wa kuwazuia.

Lakini nisimdanganye msomaji kwamba kule ni peponi. Binamu yake Uni ni fundi hodari wa pikipiki ambaye ameshindwa kufungua karakana, kwa kuwa benki inataka dhamana, na ardhi aliyo nayo hawezi kuiweka dhamana kwa sababu si yake. Nyumba kubwa ya ukoo, rumah gadang, yenye paa la pembe nne na kuta za mbao zilizochongwa maua, haina mtu ila popo. Familia zimehamia nyumba za matofali pembeni yake, na mabati yanavuja, na kukusanya ndugu wote wakubaliane kuyabadilisha kumechukua miaka. Ukoo wa jirani una kesi mahakamani ambapo pande mbili zimeleta ranji mbili tofauti, na wakati majina yakibishaniwa jaruba limeota magugu hadi kiunoni. Nao wanaume hulipa pia. Zamani mvulana akibalehe alikwenda kulala surau, nyumba ya sala, kwa kuwa vyumba vya nyumbani ni vya dada zake, na akikua alitarajiwa kuondoka kwenda kutafuta maisha ugenini, safari wanayoiita merantau, ambayo ndiyo iliyowajaza Waminangkabau na mikahawa yao katika kila mji wa Indonesia. Kwa mkewe, methali yao humlinganisha mume na majivu juu ya kisiki: upepo ukivuma, ameondoka. Baba yake Uni aliniambia methali hiyo mwenyewe huku akichonga mpini wa jembe, na sikuona furaha usoni pake.

Na hatari mpya inakuja kwa mlango wa mbele. Tangu 2017 serikali imekuwa ikiharakisha kupima na kusajili ardhi nchi nzima, na mamak hapingi, kwa sababu anajua kwamba shamba lisilo na cheti huweza kuchukuliwa na kampuni. Wasiwasi wake ni sanduku lile dogo kwenye fomu linalodai jina la mwenyewe. Anashikilia kwamba yaandikwe majina ya ukoo, tena ya wanawake wote walio hai kwenye tawi, na amekwisha kurudisha fomu mara mbili. Nilimweleza yaliyotukuta sisi na usajili, na jina moja la babu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba nirudie mbele ya baraza la adat la kijiji, nami nikarudia, kwa Kimalei changu cha kuungaunga, nikiwa nimejifunga mtandio wa kuazimwa.

Nilipotuma picha za majaruba kwenye kundi la familia, swali la kwanza kutoka Nairobi lilikuwa: ploti ya hamsini kwa mia huko ni pesa ngapi? Jibu ni kwamba haiko ya kununua. Sheria ya msingi ya ardhi ya Indonesia, ya 1960, inampa hak milik raia peke yake, na mgeni hupata haki ya kutumia kwa muda tu, kama vile Katiba yetu ya 2010 isivyompa mgeni zaidi ya miaka 99. Na juu ya pusaka hata Mwindonesia kutoka Jakarta ni mgeni. Nilijikuta nimefurahi kulijibu swali hilo.

Sisi Agikuyu tunasimuliwa kwamba koo zetu zilianzia kwa mabinti wa Gikuyu na Mumbi, tisa kamili, kama wahesabuvyo wazee wasiopenda kutamka kumi. Nimeisikia hadithi hiyo tangu utotoni na sikuwahi kuiuliza ardhi ya mabinti hao ilikwenda wapi. Jumamosi iliyopita nilitandaza karatasi kubwa juu ya meza, nikamwita mama, nikaanza kuchora ranji yetu. Jina la nyanya nililijua, kwa sababu ni langu: mimi ni binti wa pili, na binti wa pili hupewa jina la mama wa mama yake. Mama naye ni binti wa pili, basi jina lake ni la mama yake nyanya. Nikapanda juu zaidi, mama akafumba macho, akawakumbuka wanawake wawili wengine, nao walikuwa na majina yale yale mawili, yakipokezana.

Binti yangu wa pili, ambaye ana miaka sita na ameanza kusoma, alikuja akaegemea meza. Alilifuata jina lake kwa kidole kutoka juu hadi chini, akalikuta mara nne, akauliza yeye ni yupi kati ya hao. Bibi yake akamshika kidole, akakiweka mahali pake.